Mchumi Daraja la II: kutoka tangazo la ajira hadi dokezo la kwanza

Kila mkeka wa usaili, yaani orodha ya walioitwa, unapotoka, simu yangu haipoi. Hupiga wadogo zangu wa chuo, hupiga mtoto wa jirani, na safari moja alipiga mzee wa kanisani kwetu akimsemea mjukuu wake. Wote huuliza jambo lile lile: "Kule ndani wanauliza nini?" Nawajibu, lakini huwa nawarudisha nyuma kwanza. Wengi wanaoenguliwa huenguliwa kabla hawajaulizwa chochote, na wengi wanaopita hufika ofisini wakakuta kazi haifanani hata kidogo na madaftari waliyokariri.

Nilikuwa mchumi wa halmashauri kwa miaka sita, sasa niko wizarani, Mtumba, mji wa Serikali jijini Dodoma. Haya ndiyo ninayowaambia kwenye simu, yakiwa yamepangwa kidogo.

Jambo moja kabla ya hatua zenyewe. Serikali haikuajiri kwa kuwa unaujua uchumi. Wanaoujua ni wengi, na baadhi yao wanauza vocha. Inakuajiri ili mtu mwenye kalamu ya kuidhinisha asaini akijua anachokisaini. Barua yako ya maombi, majibu yako mbele ya jopo na dokezo lako la kwanza (maandishi mafupi ya ushauri ndani ya jalada la ofisi) vyote vitapimwa kwa kipimo hicho, hata kama hakuna atakayekutamkia.

Hatua ya 1: Jua ni mlango gani unaobisha

India wana huduma maalumu ya wachumi wa serikali tangu 1961. Ina mtihani wake peke yake, unaosimamiwa na tume ya utumishi ya nchi, kwa wenye umri wa miaka 21 hadi 30 na shahada ya uzamili ya uchumi au fani ya karibu nayo. Uingereza nao wana yao tangu miaka ya 1960. Tanzania Bara hatuna chombo cha namna hiyo. Tuna kada ya Wachumi ndani ya utumishi wa umma wa kawaida, na mwenye shahada ya kwanza huingilia Daraja la II. Mwajiri anaweza kuwa wizara, sekretarieti ya mkoa, halmashauri, wakala, au Tume ya Mipango, ambayo ilirudishwa kwa sheria ya 2023.

Wizarani utakaa Idara ya Sera na Mipango. Utaandaa majibu ya maswali ya wabunge, utakusanya taarifa za robo mwaka kutoka kwa watu wasiopokea simu, na utaandika vipande vya hotuba ambavyo havitakuwa na jina lako. Halmashauri utakaa Mipango na Uratibu. Huko utapanda pikipiki, utakaa kwenye vikao vya kijiji vya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambako wananchi hupanga vipaumbele vyao, na utajua bei ya tofali katika kata tatu tofauti. Ukipangiwa halmashauri ya mbali usinune. Wachumi wengi wazuri ninaowajua wizarani walipikwa huko, na ukiwasikiliza kwenye kikao utawatambua: huuliza "hela hii itafika lini?" wakati wenzao bado wanajadili jina la mradi.

Kuna kada ndugu pia: Afisa Mipango, Mtakwimu, Afisa Usimamizi wa Fedha. Tangazo moja linaweza kubeba zote. Kwa mwenye shahada ya takwimu au ya mipango ya maendeleo, huenda mlango wa jirani ndio wake, na foleni yake ikawa fupi. Zanzibar ina tume yake ya mipango na utaratibu wake wa ajira, kwa hiyo anayetaka kufanya kazi Unguja au Pemba asingoje matangazo ya Bara.

Hatua ya 2: Soma tangazo kama unavyosoma mkataba wa nyumba

Matangazo ya kada hii hutoka kwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na maombi hupitia mtandaoni, Ajira Portal. Fungua akaunti leo, hata kama hakuna tangazo. Utahitaji namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na kama bado hujaipata, hapo ndipo pa kuanzia. Muda wa kuomba mara nyingi huwa kama wiki mbili, na siku ya mwisho mfumo huelemewa. Kila tangazo lina watu wanaolia usiku wa manane kwamba "imegoma".

Kipengele cha sifa kisome neno kwa neno. Tangazo likitaja Uchumi, Uchumi Kilimo na Takwimu, na cheti chako kikasema kitu cha nne kinachofanana, usidhani mtu atakaa chini kulinganisha masomo uliyosoma. Jaza jina la shahada kama lilivyo kwenye cheti, usilitengeneze lipendeze. Kisha angalia umri. Kwa kawaida ni usiozidi miaka 45 kwa asiye mtumishi wa umma. Aliye kazini serikalini hupitisha barua yake kwa mwajiri, na aliyekwisha kuajiriwa kwa cheo cha kuingilia asipoteze muda kuomba cheo kingine cha kuingilia.

Hatua ya 3: Vyeti, na hadithi ya herufi moja

Andaa bahasha moja, na nakala zake kwenye simu au barua pepe:

- cheti cha kuzaliwa;
- vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita, au stashahada kwa aliyepitia njia hiyo;
- cheti cha shahada pamoja na karatasi ya matokeo ya masomo yote;
- wasifu wenye anwani na simu zinazopatikana, na wadhamini watatu;
- barua ya maombi iliyosainiwa, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa anwani iliyoandikwa kwenye tangazo.

Nakala zithibitishwe na wakili au mwanasheria. Hati za matokeo ya muda, na zile karatasi za matokeo ya kidato cha nne na cha sita zisizo cheti, hazipokelewi. Nimeona kijana mwenye daraja la kwanza chuoni akiachwa kwa sababu cheti cha kidato cha sita kilikuwa bado kabatini kwa mkuu wa shule aliyehamishwa. Waliosoma nje wanatakiwa vyeti vyao viwe vimehakikiwa na TCU (tume ya vyuo vikuu), NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) au NECTA (baraza la mitihani) kulingana na ngazi, na hilo halifanyiki kwa siku mbili.

Halafu kuna majina. Cheti changu cha kuzaliwa na cha kidato cha nne vinatofautiana herufi moja. Moja tu! Mwalimu aliyeandika fomu ya usajili aliongeza herufi aliyoona inapendeza. Nilisafiri usiku kucha kwenda kwenye usaili, nikarudishwa mlangoni. Kosa lilikuwa langu: maelekezo yalisema wazi kwamba mwenye majina yanayotofautiana aje na hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa, mimi nikajipa moyo kwamba watanielewa. Panga vyeti vyako vyote mezani leo, soma majina kwa sauti, moja baada ya jingine. Kikitofautiana chochote, nenda kwa wakili kabla ya tangazo, wakati bado hana foleni ya wenzako.

Hatua ya 4: Usaili wa mchujo

Mkeka ukitoka tafuta jina lako, namba yako ya usaili, tarehe na kituo. Jina lisipokuwepo, fungua akaunti yako usome sababu. Mara nyingi ni cheti kilichokosekana au kilichopakiwa mahali pasipo pake, na utalirekebisha kwa ajili ya safari ijayo. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Beba vyeti halisi na kitambulisho.

Mchujo unaweza kuwa wa karatasi au wa kompyuta. Maswali hutoka kwenye maeneo ambayo kila mchumi ameyapita: mahitaji na ugavi, mfumuko wa bei, urari wa malipo, sera za kodi na matumizi, takwimu za msingi, mzunguko wa mradi, muundo wa serikali na maadili ya utumishi. Sitakuorodheshea yote, madaftari unayo. Nitasimama penye matobo.

Tobo la kwanza ni nchi yenyewe. Mtu anajua kila kitu kuhusu mkunjo wa mahitaji, lakini hajui Tanzania ina watu wangapi. Sensa ya 2022 ilihesabu 61,741,120. Umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara, kwa utafiti wa bajeti za kaya wa 2017/18, ulikuwa asilimia 26.4. Pato la Taifa hupimwa kwa bei za mwaka wa kizio, yaani wa kulinganishia, 2015. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Bajeti ya 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 56.49. Benki Kuu iliacha kuongoza sera ya fedha kwa kupima wingi wa fedha na kuanza kutumia riba yake tangu Januari 2024. Dira ya 2050, iliyozinduliwa Julai 2025, inalenga uchumi wa dola trilioni 1 na wastani wa dola 7,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Usizikariri kama kasuku. Zishike kwa kuulizana maswali: ukigawa bajeti hiyo kwa idadi ya watu wa sensa, kila mmoja anapata shilingi ngapi? Inatoka kama laki tisa na elfu kumi na tano. Namba uliyoigawa mwenyewe haipotei kichwani.

Tobo la pili ni tathmini ya mradi. Vijana wanaijua fomula ya thamani ya sasa, lakini hawajawahi kuitumia kumwambia mtu kitu. Chukua mfano huu. Halmashauri inataka kujenga soko kwa shilingi milioni 800. Likikamilika, litaingiza milioni 150 kwa mwaka baada ya kutoa gharama, kwa miaka 10. Kiwango cha punguzo, yaani kile kinachoshusha thamani ya hela ya mwakani ukiilinganisha na ya leo, ni asilimia 12 kwa mwaka. Ukipunguza mapato hayo yote hadi thamani ya leo, unapata milioni 847.5. Toa gharama, inabaki faida ya milioni 47.5. Mradi unapita.

Sasa mchelewesha mkandarasi mwaka mmoja. Fedha zimetumika leo, lakini mapato ya kwanza yanakuja mwaka wa pili badala ya wa kwanza. Gawa 847.5 kwa 1.12, unapata milioni 756.7. Mradi ule ule, soko lile lile, wachuuzi wale wale, sasa una hasara ya milioni 43.3. Mchumi anayeishia kwenye "mradi una faida" amefanya hesabu tu. Anayesema "mradi una faida iwapo soko litafunguliwa kwa wakati, likichelewa mwaka mmoja tunapoteza, kwa hiyo mkataba uwe na kifungu cha fidia ya ucheleweshaji" huyo ameshauri. Fanya mifano mitano ya namna hii kwa mkono kabla ya usaili. Kikokotoo cha kawaida kinatosha.

Hatua ya 5: Mahojiano ya ana kwa ana

Ingia, wasalimu, subiri uambiwe kaa. Jitambulishe kwa kifupi: jina, elimu, ulichofanya baada ya chuo. Kama ulikuwa unauza nafaka na mama yako sokoni, sema. Ni uchumi, tena wa kweli kuliko mafunzo ya vitendo ya wiki nane ambayo wengi walitumwa kununua chapati.

Jibu kwa lugha uliyoulizwa. Ukiulizwa kwa Kiswahili, usikimbilie maneno ya darasani kuficha kutojua. Mtu anayeielewa gharama ya fursa anaweza kuieleza kwa mfano wa ekari moja: ukilima mahindi, umeshauacha ufuta.

Swali litakalokutenga na wengine ni lile la ushauri. Kwa mfano: "Bei ya mahindi imepanda. Waziri anafikiria kuzuia kuuza mahindi nje ya nchi. Wewe ni mchumi, unamshauri nini?"

Wengi watajibu kwa mkondo mmoja. Nusu watasema azuie kwa sababu chakula kwanza. Nusu watasema asizuie kwa sababu soko huria. Majibu yote mawili ni ya kijiweni. Jaribu kwenda hivi.

Anza kwa kuuliza nani anaguswa. Mlaji wa Dar es Salaam na mkulima wa Rukwa hawako upande mmoja: bei inayomuumiza wa kwanza ndiyo mshahara wa wa pili. Kaya nyingi za vijijini ziko pande zote mbili, zinauza mwezi wa saba na kununua mwezi wa pili, kwa hiyo tarehe ya zuio ni jambo zito kuliko zuio lenyewe. Kisha eleza kitakachotokea. Nchi imeshapita huko, mwaka 2011 na tena 2017. Bei ya shambani hushuka, mfanyabiashara mwenye lori hutafuta njia ya panya, ushuru unapotea, na takwimu za mauzo zinapotea pamoja nao. Msimu unaofuata mkulima hupunguza ekari. Halafu weka njia nyingine mezani: Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula kutoa akiba kwenye mikoa yenye upungufu, au vibali vinavyofuatiliwa badala ya zuio. Kila njia ina gharama, itaje. Mwisho chagua. Sema "Namshauri afanye hivi kwanza, na dalili ya kwamba tumekosea itakuwa hii."

Kuchagua ndiko kunakowashinda wengi. Wasailiwa huogopa kwamba jopo lina jibu lake mfukoni. Huenda linalo, lakini aliyepima pande tatu akachagua ya nne huheshimika kuliko aliyebahatisha ya kwanza. Na usiseme "inategemea" ukanyamaza. Inategemea nini? Malizia.

Hatua ya 6: Kati ya kufaulu na mshahara

Ukifaulu na nafasi zikawa zimejaa, jina lako linaweza kuwekwa kwenye kanzidata na ukaitwa baadaye. Usizime simu wala kubadili namba bila kurekebisha akaunti. Ukiitwa kazini, barua ina siku za kuripoti. Zikipita, nafasi huenda kwa mwingine. Utaripoti na vyeti halisi, vitahakikiwa upya, utaingizwa kwenye mfumo wa mishahara na kupewa cheki namba, yaani namba yako ya utumishi.

Hapa nitasema kama kaka: nenda na akiba ya miezi miwili. Stahiki za mwajiriwa mpya zipo kwenye utaratibu, lakini utaratibu na mwenye nyumba hawajuani. Mahali pangu pa kwanza niliishi kwa wali wa kukopa kwa mama ntilie mmoja hadi mwezi wa tatu. Baadaye alinipa somo bora la ukopeshaji kuliko nililopata chuoni: alinikopesha sahani moja kwa siku, hakuwahi kunikopesha mbili.

Mwaka wa kwanza ni wa majaribio. Malengo yako ya kazi yataingizwa kwenye PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi, na utapimwa kwayo. Yaandike yapimike. "Kusaidia maandalizi ya bajeti" halipimiki. "Kukamilisha jedwali la miradi viporo ifikapo 15 Novemba" linapimika, na litakutetea siku mtu akisema hukuonekana.

Hatua ya 7: Dokezo la kwanza

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na vyuo vyetu vingi hupita kwa mbali. Ushauri serikalini husafiri ndani ya jalada, kwa dokezo. Unalifungua, unasoma yaliyotangulia kuanzia ukurasa wa nyuma, unaandika, unalipitisha kwa mkuu wako, naye analipeleka juu. Usiruke ngazi, hata kama mkurugenzi ni mjomba wako. Na usiandike kabla hujasoma jalada lote. Mara mbili nimeshauri jambo lililokuwa limeshakataliwa miaka minne nyuma kwa sababu nzuri, na sababu hiyo ilikuwa kurasa sita tu chini ya mkono wangu.

Chukua mfano wa mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 na kurudi mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya, kwa hiyo kila mkurugenzi anaiangalia kwa jicho kali. Tuseme katika halmashauri ya kubuni bosi ameandika kwenye jalada: "Mchumi, kwa nini vijana hawarejeshi? Nishauri." Mchumi mgeni ataandika kurasa tano, tatu zikiwa historia ya mikopo duniani. Mimi ningeandika hivi:

"Mkurugenzi Mtendaji, kupitia Mkuu wa Idara.
1. Hadi 31 Desemba vikundi vya vijana vimerejesha asilimia 38 ya kilichotakiwa. Vikundi vya bodaboda vinarejesha. Vilivyokwama ni 12 vya ufugaji wa kuku wa mayai, kila kimoja kikiwa na mkopo wa shilingi milioni 10.
2. Marejesho yalipangwa kuanza mwezi wa pili baada ya mkopo kutolewa, kwa vikundi vyote. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na miezi mitano hivi. Vikundi vilidaiwa kabla ya yai la kwanza.
3. Njia zilizopo: (a) kuwafikisha mahakamani, tutauza mabanda na kupata sehemu ndogo ya deni, (b) kuacha kama ilivyo, deni litakua, (c) kusogeza mwanzo wa marejesho hadi mwezi wa sita wa mkopo kwa vikundi vya ufugaji pekee.
4. Gharama ya (c): kwa marejesho ya miezi 24, vikundi 12 vinarejesha milioni 5 kwa mwezi. Kusogeza miezi minne ni milioni 20 ambazo hazitarudi mwaka huu wa fedha, sawa na vikundi viwili vipya vitakavyosubiri.
5. Napendekeza (c), kwa sharti kwamba afisa mifugo athibitishe idadi ya kuku waliopo kabla ya kikundi kusogezewa. Kikundi kisicho na kuku kiende njia (a).
6. Naomba idhini yako."

Hesabu mistari. Mtu mwenye majalada 40 mezani anaweza kulisoma hili akinywa chai, akaandika "Nakubali" au "Hapana, tuonane". Tazama pia kilichofanyika katika aya ya pili: mchumi hakutoa jibu hilo kwenye kompyuta. Alienda bandani akauliza kuku wana umri gani. Excel inaweza kukuonyesha kwamba bodaboda wanarejesha na wafugaji hawarejeshi, lakini haina habari za mayai.

Mambo mengine madogo ya dokezo. Namba iwe na tarehe na mahali ilikotoka. Njia mbadala ziwe za kweli: usiweke mbili za kijinga ili yako ing'ae, wakubwa wameuona mchezo huo mara nyingi. Ubaya wa pendekezo lako utaje wewe mwenyewe kabla hajautaja mhasibu. Na kama huna uhakika na jambo, liandike kwamba linahitaji kuhakikiwa na nani, kwa siku ngapi.

Bosi akikataa

Atakataa. Pengine ana sababu ambayo haipo kwenye jalada, kama ahadi iliyotolewa jukwaani, au barua aliyoipata asubuhi. Kama unaona kuna hatari kubwa, rudi mara moja, kwa maandishi na kwa adabu, useme hatari hiyo ni ipi na itaonekana lini. Baada ya hapo tekeleza uamuzi halali kwa moyo wote. Kusambaza dokezo kwenye kundi la WhatsApp ili ionekane ulikuwa sahihi ni kosa la kinidhamu, na kazini hakuna atakayekuandikia tena "nishauri". Agizo lililo kinyume cha sheria ni habari nyingine: hapo omba lije kwa maandishi, na utashangaa jinsi maagizo mengi yanavyoyeyuka yakiombwa maandishi.

Kalenda utakayoishi nayo

Mwaka wako hautaanza Januari. Mwongozo wa mpango na bajeti hutoka kuelekea mwisho wa mwaka, na Novemba Bunge hujadili mapendekezo ya mpango. Kisha ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha fedha, unashuka kutoka juu, kila idara inalia, nawe unakaa katikati ya kilio na namba. Machi kamati za Bunge, Aprili hadi Juni Bunge la bajeti. Katika miezi hiyo utajifunza maana ya randama (maelezo ya kina ya bajeti) na bango kitita (jedwali kubwa la taarifa) kwa njia ngumu, saa tano usiku, printa ikiwa imekwama na mtu wa Dodoma mjini akisubiri nakala 60. Harusi na likizo panga Agosti.

Halmashauri kalenda ni hiyo hiyo ila inaanzia chini zaidi: vipaumbele vya vijiji, kamati ya maendeleo ya kata, menejimenti, baraza la madiwani. Diwani atakuuliza kwa nini zahanati ya kijiji chake imetoka kwenye orodha. Uwe na jibu lenye namba, na uwe umewahi kufika kwenye kijiji hicho.

Na lile dokezo la kuku? Likirudi limeandikwa "Nakubali, tekeleza", usilifunge. Mwandikie mtu wa masijala akuletee jalada hilo tena tarehe 30 Juni. Siku hiyo chukua takwimu za marejesho za vikundi 12, ziweke kwenye aya ya saba, na kama kuku walitaga lakini hela haikurudi, andika hivyo hivyo.